Gata za Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa gata, ile mifereji ya bati inayoshika maji ya paa. Karakana yangu iko Bungoma mjini, nyuma ya soko, na ukipita pale asubuhi utasikia nyundo yangu kabla hujaniona. Nakata bati, nalikunja, nalitia lehemu, na maji yakipita humo yanafika pale nilipotaka yafike. Watu husema najisifu. Najisifu kweli. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi na bado anaogopa kuisema, huyo ana shida zake.

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa nyumba hawapendi kulisikia. Mtu akitaka kuuza nyumba, anapaka rangi. Anapaka ukuta, anapaka mlango, anapanga maua kwenye makopo, anafagia hadi mbele ya lango la jirani. Gata haziangalii. Kwani nani hutazama juu? Na nyumba huharibikia huko juu. Gata ikiziba, maji yanarudi chini ya bati na kuozesha mbao. Paipu ya kuteremsha maji ikichomoka, maji yanachimba msingi polepole, mwaka baada ya mwaka, na mwenye nyumba yumo ndani anakunywa chai. Mimi nikiona rangi mpya mahali pamoja tu, chini ya kona ya paa, siulizi swali lingine. Najua ameficha doa.

Nyumba ninayotaka kuieleza ni ya mama mkwe wangu, huko Matisi, Kitale. Baba mkwe alikuwa karani wa serikali. Alinunua ploti Matisi wakati watu wakisema huko ni mbali na mji, akajenga nyumba ya vyumba vinne, akawalea watoto wake humo. Alipofariki tulimzika nyumbani kwao Bokoli, karibu na Webuye. Mama alibaki Matisi peke yake. Watoto wote walikuwa wameshaondoka, na yule wa kwanza, mke wangu, nilimwondoa mimi.

Siku moja mke wangu aliweka simu chini akaniambia, "Mama anauza nyumba."

"Ya Matisi?"

"Ana nyingine wapi? Anataka kurudi Bokoli. Ati anataka kufika akitembea kwa miguu yake, si kubebwa."

Hapo ndipo jambo lote lilipokuwa, na naomba msomaji alishike. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumkatalia. Alitaka kujijengea nyumba ndogo Bokoli, karibu na kaburi la mumewe, alime mboga zake kabla ya magoti kumaliza maneno. Hakutaka kuombaomba kwa watoto. Nyumba ya Matisi ikiuzwa, anakwenda. Isipouzwa, anabaki kukalia kiti mlangoni hadi siku atakayobebwa. Wanunuzi wawili walikuwa wamekuja na kuondoka. Wa pili aliweka kiganja ukutani, upande wa nyuma, akakiangalia kile kiganja, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Wa tatu alikuwa mama mfanyabiashara wa viazi na nafaka, mzaliwa wa Kitale, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Kiambu. Walikubaliana bei siku ya kwanza. Aliingia kila chumba, akafungua kila bomba, kisha akasimama uani akatazama mabati. Mama alifikiri mambo yameisha. Kumbe bado.

"Wakati wa jua kila nyumba ni nzuri," yule mama wa viazi alisema. "Mimi nitarudi mvua ikinyesha. Usinipigie simu, nitakuja mwenyewe. Kuna nyumba nyingine naiangalia kule chini. Itakayonipendeza kwa mvua, hiyo nachukua."

Mke wangu aliponieleza nilicheka kwa furaha. Nilimpenda yule mama kabla sijamwona. Hivyo ndivyo nyumba hukaguliwa. Nikamwambia mke wangu tusiwe na wasiwasi, kwa sababu zile gata nilizitengeneza mimi. Nilizikunja kwa mkono wangu nilipokuwa bado nalipa mahari, nikazipakia kwenye pikapu ya rafiki, nikazipeleka Kitale kama zawadi kwa baba mkwe.

"Ulizitengeneza," mke wangu alisema, "lakini hukuzifunga."

Na hilo lilikuwa kweli. Zilifungwa na mwashi wa baba mkwe, kwa sababu mimi sikuweza kupanda.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono. Husimami mlangoni mwa chumba chake cha kulala, hata kama nyumba inaungua utasimama nje uite mtu mwingine. Mkiwa na neno, mnalipitisha kwa mke wako. Na juu ya paa lake hupandi kabisa. Chini ya lile bati ndipo anapolala na kuvaa, na wewe ukitembea juu yake ni kama umemvua nguo mchana. Wahubiri wengine wanasema hayo yamepitwa na wakati. Wako wanaomaliza mambo kwa kumpa mama mkwe mbuzi na blanketi, halafu wanakaa meza moja wanacheka. Sisi hatukuwahi. Mama alikuwa mtu wa heshima ya zamani, na mimi pia, ingawa kwa mdomo huu huwezi kunidhania.

Nilienda Kitale asubuhi moja na mke wangu, tukipitia Kimilili, nimebeba mkoba wangu wa kazi na mwanzi mrefu. Kwenye ncha ya mwanzi nilikuwa nimefunga kioo cha kujitazamia cha mke wangu. Hiyo ni mbinu yangu mwenyewe. Unasimama chini, unainua kioo juu ya gata, unakiinamisha kidogo, na unaona kila kitu kilichomo ndani kana kwamba umelala juu ya paa. Majirani wa Matisi walisimama kwenye ua wao wakatazama. Mmoja akauliza kama natafuta stesheni ya redio. Nikamwambia natafuta yeye alikotupa adabu zake.

Mama alikuwa jikoni, dirisha wazi. Mimi nilikuwa uani, hatua nne kutoka kwake. Mke wangu alisimama katikati.

"Mwambie kwa mbele kuna majani mengi ya mkaratusi," nikasema.

"Mama, ati kwa mbele kuna majani ya mkaratusi."

"Mwambie najua. Mti ni wa jirani."

"Anasema anajua, mti ni wa jirani."

"Mwambie pia kuna kiota."

"Mama, kuna kiota."

Mama akaweka mwiko chini. "Muulize kama kina mayai."

Hakikuwa na mayai. Tulisikiana vizuri sana, sote watatu, lakini kila neno lilipita kwa mke wangu na kulipa ushuru. Baada ya nusu saa alikuwa amechoka akaketi juu ya ndoo.

Nikazunguka nyuma, na hapo nikaona kilichomfukuza mnunuzi wa pili. Paipu ya pembe ya nyuma ilikuwa imechomoka kwenye kiungo. Maji yote ya upande ule yalikuwa yakimwagika chini ya dirisha, na ukuta ulikuwa na ukijani hadi usawa wa kiuno. Juu yake mtu alikuwa amepaka rangi ya krimu, mpya, upana wa mlango. Sikuuliza nani. Paipu ile niliweza kuifikia kutoka chini, basi siku hiyohiyo niliirudisha, nikaitia vishikio vitatu vipya vya chuma, nikachimba mtaro mdogo wa kupeleka maji mbali na msingi, nikaujaza kokoto. Ile rangi nikaisugua yote kwa brashi ya waya hadi saruji ikaonekana.

Mke wangu alishtuka. "Unamwonyesha mnunuzi doa?"

"Namwonyesha doa lililokauka na paipu iliyopona. Akiona rangi atadhani tunaficha jingine."

Kutoka jikoni sauti ilisema, "Mwambie amefanya vyema." Mke wangu hakurudia. Alijua nimesikia.

Ikabaki gata ya mbele, juu ya mlango mkubwa. Kwenye kioo niliona majani, nikaona pia kutu kwenye kiungo, na nikaona kwamba yule mwashi aliifunga ikiinama kidogo upande usio na paipu. Maji yalikuwa yakilala pale kama ng'ombe aliyeshiba. Hiyo haitengenezwi kwa mwanzi. Lazima mtu apande.

"Tuite fundi wa hapa Matisi," mke wangu alisema.

Naomba mnielewe. Gata zangu. Kazi ya mkono wangu, zawadi yangu. Nimwite mtu nisiyemjua aje azigongegonge, halafu akae hotelini aseme ametengeneza gata za yule fundi wa Bungoma? Nilisema hapana. Kiburi, ndiyo. Nakiri hapa kwa sababu kilichofuata kilitokana na hicho.

Alhamisi mama huwa na mkutano wa akina mama kanisani. Huanza saa nane, huisha jioni, na hajawahi kukosa. Alhamisi ya wiki ile mke wangu alimsindikiza kwa sababu ya magoti. Nilisubiri kando ya barabara hadi walipopotea kwenye kona, nikahesabu dakika kumi, nikaegemeza ngazi ya jirani, nikapanda.

Sitadanganya, nilifurahi kule juu. Unauona Mlima Elgon wote, na mashamba ya mahindi hadi macho yachoke. Nilitoa majani kwa mikono, ndoo mbili kamili. Nikang'oa vishikio, nikavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, nikavifunga upya kwa mteremko unaotakiwa. Nikasugua kutu, nikatia lehemu, nikaweka na silikoni juu yake. Kisha nikafanya jaribio la mwisho, ambalo mafundi wavivu huliruka. Unachukua kitambaa, unakisokota, unakisukuma kwenye tundu la paipu hadi kikaze. Unamwaga maji kwenye gata na kuyaacha yatulie. Kama kuna mahali panapovuja, utapaona chini, tone baada ya tone. Kama hapavuji, unachomoa kitambaa na kazi imeisha. Nilichana kipande cha shati langu kuukuu, nikakisukuma kwa kipini cha nyundo, nikabeba maji ndoo baada ya ndoo. Gata ikajaa. Nikakaa juu ya bati nikangoja. Hata tone moja halikudondoka. Nilijiambia, wewe ni mtu.

Nikasikia lango.

Mkutano ulikuwa umekatizwa katikati kwa sababu ya msiba wa mwanakwaya. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni mke wangu ameweka mkono mdomoni, na nyuma yake mama mkwe, na Biblia yake kwapani, ameinua uso. Macho yetu yalikutana. Miaka yote ile hayakuwahi kukutana hivyo, na yakakutana mimi nikiwa juu ya kitanda chake.

Aligeuka akatoka tena langoni, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, akanipa mgongo, akajifunika leso kichwani juani. Hakuweza kuingia ndani mimi nikiwa juu. Na mimi sikujua nishuke vipi. Mguu ulitafuta kidato cha ngazi ukakikosa mara mbili. Nilikusanya nyundo, uzi, koleo, nikavitupa mkobani bila kuviangalia, nikapita nyuma ya nyumba nikaruka ua wa jirani, mwanamume mzima mwenye wajukuu. Jioni nilikuwa Bungoma. Nilimwambia mwanangu wa mwisho naumwa kichwa, nikalala na viatu.

Wiki mbili mvua haikunyesha. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mlima, yanatisha, halafu yanaondoka. Mke wangu alibaki Kitale na mama. Kila nilipompigia simu alizungumza juu ya bei ya maziwa. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya uongee peke yako ukikata bati. Nilikata mawili vibaya. Kisha siku moja mke wangu akasema, "Mama amenituma."

Nikakaa chini.

"Amesema, mwambie fundi kwamba siku ile ya Alhamisi mimi nilikuwa kanisani. Sikuona mtu."

Wallahi sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo. Nilirudi kuwa mimi. Siku hiyo nilikunja gata sita, nikagombana na mteja mmoja, nikamshinda. Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuwa meusi kutoka Kapsokwony hadi Kitale, na nikaona heri niwepo mvua ikimleta yule mama wa viazi. Nani angemweleza mteremko, nani angemwonyesha mtaro wa kokoto? Nilivaa koti zuri nikaenda.

Nilifika Matisi saa saba. Mama aliniona langoni akaangalia kuku. Mambo yalikuwa sawa kabisa, kama zamani. Saa nane na nusu tone la kwanza lilipiga bati, likaja la pili, halafu ikaja yote kwa pamoja, mvua ya Kitale ambayo ukiongea humo ndani lazima upaze sauti. Haikupita robo saa lango likafunguka na yule mama akaingia, buti za mpira, koti refu la plastiki, mwavuli mkubwa. Alitimiza neno lake. Alimsalimia mama pale barazani, akatusalimia mimi na mke wangu, akaanza kazi.

Alianzia nyuma. Nilimfuata na mwavuli wangu. Maji yalikuwa yanashuka kwenye paipu vizuri, yanaingia mtaroni, yanaondoka. Aligusa ukuta pale nilipotoa rangi. Akachukua kijiti akachokoa saruji. "Hapa palikuwa pabovu," akasema.

"Palikuwa," nikajibu. "Sasa pamekauka. Nimepaacha wazi uone mwenyewe."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. "Vizuri," akasema. Nilijua tumemaliza. Tukazunguka kwenda mbele, mimi nikimweleza habari za uzi na pima maji, najisikia vizuri sana, hadi tulipokata kona.

Juu ya mlango mkubwa maji yalikuwa yakimwagika kutoka kwenye gata urefu wake wote. Yalishuka kama pazia, yakapiga baraza, yakarukia mlango, yakaingia chini ya mlango hadi sebuleni. Mama na mke wangu walikuwa wamerudi ndani, wamesimama upande wa pili wa yale maji. Na ile paipu kando ya nguzo, paipu iliyotakiwa kubeba yote yale hadi kwenye tangi la maji, ilikuwa kavu. Hata tone.

Moyo wangu ulijua kabla ya kichwa. Kitambaa. Sikukichomoa. Nilishuka na nyundo, uzi na koleo, nikaacha kipande cha shati langu kimeziba roho ya nyumba ya mama mkwe.

Nilikimbilia mwanzi, ukiwa bado umeegemea ukuta. Nikajaribu kuchokoa kutoka chini, lakini paipu ile ina kona mbili chini ya paa na mwanzi haupindi. Yule mama wa viazi alinitazama nikihangaika. Kisha akatikisa mwavuli wake.

"Basi nimeona," akasema. "Ya nyuma mmetengeneza. Hii ya mbele imekufa. Mlango utaoza, sebule itaoza. Si mbaya, nitaenda kuangalia ile nyingine mvua ikiwa bado ipo."

"Haijakufa," nikasema kwa sauti hata mimi nikajishtua. "Hiyo gata ni nzima kuliko mimi. Ni kitambaa changu. Nilikiweka mwenyewe nikipima, nikakisahau mle ndani. Ni cha kutoa tu."

"Kitoe basi. Ngazi si ile pale?"

Ngazi ilikuwa pale, imelala kando ya ua. Nilisimama na maji yakiniingia shingoni. Mama alikuwa mlangoni, nyuma ya pazia la maji, anatuangalia. Mara ya kwanza aliweza kusema alikuwa kanisani. Sasa angesema alikuwa wapi? Barabarani hapakuwa na mtu wa kumwita, hata mbwa.

"Sasa?" yule mama aliuliza. "Unaogopa kupanda? Fundi gani wewe?"

Niambie neno lolote, lakini si hilo. Mke wangu ndiye aliyejibu kutoka ndani, akipaza sauti juu ya mvua. "Hawezi. Huyo ni mkwe wa hapa. Hii ni nyumba ya mama yangu."

Mama wa viazi alifahamu. Mtu hawezi kuishi Trans-Nzoia maisha yake yote asijue mambo yetu. Alishusha pumzi, akaangalia saa, na nikaona kwa uso wake kwamba anasikitika na kwamba anaondoka.

Mama alipita katikati ya yale maji. Hakukimbia, magoti hayakuruhusu. Alitoka akilowa kuanzia leso hadi viatu, akashuka ngazi mbili za baraza akishika nguzo, akafika mbele ya yule mnunuzi. Alikuwa ameshika funguo zake, zote, kubwa na ndogo, kwenye kipande cha kamba.

"Shika," akamwambia.

"Mama, hatujaandikiana kitu. Hata sijasema nanunua."

"Najua. Shika. Kama ni kitambaa, ni nyumba yako kwa bei tuliyosema. Kama si kitambaa, utanirudishia funguo na utakwenda zako. Lakini kuanzia sasa mimi si mwenye nyumba hii. Mimi ni mpita njia." Akageuza uso kidogo, si kunielekea, upande tu ambao mimi nilikuwepo. "Mwambie fundi wako apande."

Akatoka langoni. Mke wangu alimfuata na mwavuli. Wakasimama barabarani mama na mwanawe, wakitazama upande wa soko, kama watu wanaongoja gari.

Yule mama alibaki ameshika funguo kana kwamba zina moto. "Panda, fundi," akasema polepole.

Nilipanda. Mabati yalikuwa yakiteleza, nilitambaa kwa tumbo, koti langu zuri likachanika kwenye msumari. Nikaingiza mkono kwenye tundu hadi kwenye kiwiko. Kitambaa kilikuwa kimevimba, hakikutaka. Nilivuta mara moja. Nilivuta mara ya pili nikiomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Kikatoka, na paipu ikakohoa, ikanguruma, maji yote yakaenda. Pazia lile juu ya mlango likawa uzi, likawa matone, likaisha. Kule chini tangi lilianza kupokea kwa kishindo.

Nilikaa pale juu nimeshika kitambaa. Mama wa viazi aliweka kiganja chini ya ukingo wa paa, mahali pamoja, pengine, pengine tena. Kilibaki kikavu. Alikwenda kwenye tangi akasikiliza. Alirudi akakagua chini ya mlango. Hakuharakisha, na mimi sikumharakisha, maana sasa nilijua kwamba kazi yangu inajisemea yenyewe. Kisha akafungua koti lake la plastiki, akazitia funguo kwenye mfuko wa ndani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Nimechukua," akaniambia. Akaingia ndani, akafungua mlango mkubwa wote wazi.

Nilishuka. Nilikwenda langoni, nikasimama mbali kidogo, nikamwambia mke wangu, "Mwambie imekubaliwa."

Hakuna aliyerudia. Mama akaanza kutembea kurudi, mvua ikimpiga. Nilifikiri atapita moja kwa moja hadi jikoni kwake, avue zile nguo, aweke chai. Mizigo yake yote ilikuwa humo ndani, sufuria zake, kitanda chake, picha ya mumewe ukutani. Alipanda zile ngazi mbili. Alipofika mlangoni akasimama. Alijipangusa miguu kwenye gunia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alijifunga leso upya. Halafu yule mama aliyeishi humo tangu mke wangu akiwa mtoto wa mgongoni aligonga mlango uliokuwa wazi, vidole viwili tu, akasema hodi.

Yule mama wa viazi alikuwa amesimama katikati ya sebule, akaja hadi mlangoni.

"Karibu, mama," akasema. "Karibu ndani."

Mama akaingia, akatafuta kiti karibu na mlango, pale wanapoketi wageni. Mimi nilikwenda nyuma ya tangi, mahali ambapo hakuna ambaye angeniona, nikalia.